Vazi Juu ya Mabega Mawili

Masomo: Mwanzo 9:20–27; Zekaria 3:1–5; Filemoni 17–19



Ukifika Mwanzo sura ya 9, gharika imeisha. Nuhu ametoka safinani, amejenga madhabahu, na Mungu ameweka upinde mawinguni. Watoto wetu wa shule ya Jumapili huchora mpaka hapo: safina, twiga, upinde wa rangi saba. Sijaona mwalimu anayewaambia wachore mistari inayofuata.

Kwa sababu mistari inayofuata inatia aibu. Mzee aliyeokoa jamii nzima anapanda mizabibu, anakunywa divai, analewa, na analala uchi hemani mwake. Hatusomi mahali pengine popote kwamba Nuhu alilewa tena. Ni mara moja tu. Lakini mara hiyo moja, mwanawe Hamu alimwona, akatoka nje, akawaambia ndugu zake wawili. Shemu na Yafethi wakatwaa vazi, wakalitandaza mabegani mwao wote wawili, wakaingia kinyumenyume na nyuso zao zimegeukia upande wa pili, wakamfunika baba yao.

(Niseme kando: laana inayotajwa baadaye katika sura hii ilimtaja Kanaani. Wako watu katika historia waliolipotosha andiko hili ili kuhalalisha utumwa wa Waafrika. Usikubali mtu akuuzie maana hiyo. Tuendelee.)

Leo nataka tuzungumze juu ya mtu aliyefanya jambo la aibu hadharani, kwa mara ya kwanza, akashikwa na akashtakiwa. Je, mtu wa Mungu anaweza kumtetea? Na akimtetea, anamtetea vipi bila kuitetea dhambi?

Kuna kesi moja naijua kwa karibu. Mwenyewe na mama yake wameniruhusu niieleze. Jina lake silitaji. Wewe unayelijua, nawe usilitaje.

Ni kijana wa miaka ishirini na kitu, mpiga kinanda. Ijumaa moja jioni wenzake wa kazini walikuwa wanamuaga mmoja wao. Yeye si mnywaji. Siku hiyo alikunywa. Saa mbili usiku alifika steji, haja ndogo ikamzidi, akasimama ukutani nyuma ya akina mama wanaouza mboga, akajisaidia hapohapo, taa zikiwaka, foleni ya watu ikimtazama na watoto wakiwamo. Polisi wa doria walikuwa wanapita. Alilala selo.

Asubuhi video ilikuwa imeshafika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Saa sita mchana ilikuwa kwenye kundi letu la vijana. Imeletwa na mmoja wetu, na chini yake emoji za kicheko. Jumapili mama yake, ambaye ni mhudumu wa mlangoni, hakuja ibadani. Na kijana mwenyewe alikuwa ametuma maombi ya kazi ya kusimamia ghala, ambako walikuwa wamemwambia alete cheti cha tabia njema.

Mnaona uzito wa jambo hili? Nina mambo manne ya kusema.

1. Hamu hakusema uongo

Hili ndilo linalotusumbua. Hamu alichosema kilikuwa kweli. Mzee alikuwa uchi, mzee alikuwa amelewa. Ukimpeleka Hamu mahakamani kwa kusema uongo, ataachiliwa. Shida ya Hamu ni kwamba aliupeleka ukweli nje ya hema, mahali ambapo ungefanya kazi moja tu, ya kuaibisha. Hata vazi hakubeba.

Aliyeileta ile video aliniambia, "Pasta, si ni kweli alifanya?" Ndiyo, ni kweli. Lakini jiulize: nani alihitaji kujua? Mathayo 18:15 inatuelekeza tuanze kwa mkosaji mwenyewe, mkiwa wawili peke yenu. Polisi walikuwa wanajua. Mama yake alihitaji kujua ili ampelekee chakula na sweta. Mchungaji alihitaji kujua. Watu mia mbili wa kundi la mtaa walihitaji kujua ili wafanye nini?

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo mnisamehe nikipiga hesabu. Kijana alishtakiwa kwa kufanya kitendo cha aibu hadharani, chini ya Kifungu cha 182 cha Sheria ya Adhabu. Sheria hiyo ilianza kutumika 1930. Kwa kosa la kwanza, kifungu hicho kinataja kifungo cha mwezi mmoja au faini isiyozidi shilingi 100, au vyote viwili. Shilingi 100! Hiyo hainunui hata chakula cha mchana mjini. Kwa hivyo sheria yenyewe, na ukali wake wote, inaliweka kosa hili katika rafu ya makosa madogo, na inamtofautisha anayekosa mara ya kwanza na anayerudia. Lakini aliyebonyeza simu hakuweka kikomo. Mahakama inaweza kukupa mwezi mmoja. Kundi la WhatsApp linakupa maisha.

Tena Katiba yetu, Ibara ya 50, inasema mshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Haiwezekani serikali imsubiri hakimu, halafu kanisa lisimsubiri.

2. Shemu na Yafethi pia hawakusema uongo

Soma tena. Hawakutoka nje wakatangaza kwamba baba alikuwa mgonjwa. Hawakusema divai ilikuwa juisi. Walijua anayelala pale amelewa, ndiyo maana walibeba vazi. Huwezi kumfunika mtu unayesisitiza kwamba amevaa.

Hapa nawaambia wale wenye moyo mwema lakini wenye njia mbaya. Jumamosi ile mtu alimnong'oneza mama yake: elfu tatu tu, na jambo hili halifiki Jumatatu. Mama alikuja kwangu akilia, akiomba mkopo kutoka mfuko wa huruma. Nilimshika mkono, nikaomba naye, na nikamwambia hapana.

Kutoka 23:8 inatuonya juu ya hongo, kwamba humpofusha hata anayeona vizuri. Na hata ukiweka Biblia kando kidogo, fikiri kama mfanyabiashara. Hongo haina risiti. Ukishalipa mara moja umekuwa mteja, na mteja hurudiwa. Zaidi ya yote, ungekuwa umemfundisha kijana aliyekosea mara ya kwanza namna ya kukosea mara ya pili.

Kumbe sheria yenyewe ilikuwa na vazi tayari, sisi ndio hatukulijua. Mnisikilize vizuri, wazazi, maana mambo haya hayasemwi sana mimbarani. Ibara ya 49 ya Katiba inasema aliyekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake. Ana haki ya kunyamaza. Ana haki ya kuwasiliana na wakili. Anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, na muda huo ukiishia nje ya saa za mahakama, basi siku ya mahakama inayofuata. Na kama adhabu ya kosa ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi sita, hapaswi kuwekwa rumande. Kijana wetu alitoka Jumamosi kwa dhamana ya polisi. Ukitoa dhamana ya pesa taslimu, dai risiti uitunze, maana pesa hizo hurudishwa kesi ikiisha kama mshtakiwa amefika mahakamani inavyotakiwa.

Dada mmoja wakili, mshirika wa hapa, alikaa naye saa nzima bila malipo. Alimwambia neno ambalo nililiandika: usikiri kwa sababu unataka kwenda nyumbani haraka, na usikane kwa sababu unaona haya. Sikiliza mashtaka yanavyosomwa. Kama yaliyosomwa si yaliyotokea, sema. Kama ndiyo yaliyotokea, sema pia.

Kijana alikuwa amefanya. Akaamua kukiri.

3. Vazi huwekwa mabegani

Biblia ingeweza kusema tu kwamba walimfunika. Lakini inataja mabega. Mabega ya wote wawili. Kumtetea mtu ni mzigo, na una mahali pa kukaa.

Tulipoketi na wazee Jumapili jioni, niliomba kanisa limwandikie barua ya tabia. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alisema, "Pasta, tukiandika barua hiyo, watu watasema tunaunga mkono uchafu. Na kesho yake wengine watafanya wakijua kanisa litawatetea." Si hoja ya kupuuza. Mzee huyu ana wajukuu wanaosimama steji ileile kila jioni.

Nilimjibu kwa barua ya Paulo kwa Filemoni. Onesimo alikuwa mtumwa aliyeachana na bwana wake, na huenda alikuwa na deni kwake. Paulo hakumwandikia Filemoni kwamba Onesimo hana kosa. Alimwomba ampokee, na kama kuna anachodaiwa, kiandikwe katika hesabu ya Paulo mwenyewe. Wanafunzi wa uhasibu mko hapa? Hiyo ni kuhamisha deni kutoka akaunti moja hadi nyingine. Halikufutwa kimyamimya, lilipata mtu wa kulibeba. Yule mzee alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Basi barua iwe ya kweli tupu, nami nitatia sahihi."

Ikawa ya kweli tupu. Hatukuandika kwamba ni malaika. Tuliandika tunavyomjua: ni miaka mingapi amekuwa nasi, kazi anayofanya, mama anayemtegemea, kwamba hatujawahi kupokea lalamiko juu yake kabla ya hili, na kwamba kanisa limeanza kumrudi lenyewe. Tukaandika pia kwamba tutamsimamia. Yaani akianguka tena, barua hiyo itasomwa na sisi tukiwa tumeinamisha vichwa. Hayo ndiyo mabega.

Na barua ya namna hii ina kazi. Baada ya mtu kukiri, kabla ya hukumu, mahakama husikiliza utetezi wa kupunguziwa adhabu: umri, familia, kazi, majuto, na kama ana rekodi. Hapo ndipo ndugu wanahitajika. Jumatatu tulikwenda sita. Wengine waliomba ruhusa kazini, mmoja alifunga kibanda chake. Mwendesha mashtaka alisema hana rekodi ya makosa ya awali. Hakimu alimwuliza kijana kama ana la kusema.

Kulikuwa na hoja ambayo angeweza kuanza nayo: choo cha kulipia cha pale steji hufungwa saa moja jioni. Ni kweli, na ni jambo ambalo tunapaswa kulifuatilia. Lakini alisema hivi: "Mheshimiwa, choo kilikuwa kimefungwa. Lakini wale mama pia kilikuwa kimefungwa kwao, na wao hawakufanya nilivyofanya. Naomba msamaha."

Kifungu cha 35 cha Sheria ya Adhabu kinamruhusu hakimu, akiangalia aina ya kosa na tabia ya mkosaji, kumwachilia bila adhabu, au kumwachilia kwa sharti kwamba asifanye kosa lolote kwa muda usiozidi miezi 12. Hakimu alimpa miezi sita ya sharti. Tukatoka nje, na mama yake akaketi kwenye ngazi za mahakama, viatu mkononi, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Kazi ya ghala bado hajajibiwa. Sitawadanganya. Tunaendelea kuomba.

4. Nuhu aliamka

Mstari wa 24 unasema Nuhu alilevuka. Vazi lilimsitiri usiku, lakini asubuhi ilibidi aamke mwenyewe. Kumfunika mtu hakumwamshi. Kama tungeishia mahakamani, tungekuwa tumefanya nusu ya kazi.

Kabla ya Jumatatu, nilimwambia kijana kuna mahali tunapaswa kufika kwanza. Tulikwenda steji, kwa yule mama ambaye ukuta uko nyuma ya meza yake. Kijana alisimama, akasema, "Mama, ni mimi." Mama alikuwa anakata sukuma. Hakuinua kichwa. Akasema, "Mimi huuza chakula hapa, kijana. Asubuhi nilimwaga mboga za jana zote."

Wapendwa, hapo ndipo nilipoona kosa dogo lilivyo na uso wa mtu. Kwenye karatasi ya mashtaka lilikuwa mstari mmoja. Kwa huyu mama lilikuwa mtaji wa siku nzima. Kijana alilipa zile mboga, akarudi na ndoo, brashi na dawa, akasugua ukuta na sakafu mbele ya watu walewale waliomwona. Alipomaliza, mama alimwambia, "Sasa enda ukaseme huko kwa hakimu vile ulifanya." Hakusema amemsamehe. Siku nyingine huenda atasema.

Na kinanda je? Ameketi viti vya nyuma kwa miezi mitatu. Anakutana na mzee yuleyule aliyepinga barua, kila Alhamisi. Wagalatia 6:1 inatutaka tumrejeshe aliyenaswa katika kosa kwa roho ya upole, tukijiangalia na sisi wenyewe. Kurejesha ni kazi ya wiki nyingi.

Mahali ambapo vazi hili halifiki

Sikiliza hapa kwa makini, maana kuna atakayetaka kutumia mahubiri haya vibaya. Nazungumzia kosa dogo, la mara ya kwanza, la mtu aliyepoteza heshima yake mbele za watu. Sizungumzii mtu aliyemshika msichana matatu, wala aliyejivua nguo mbele ya mtoto kwa makusudi. Hayo ni mambo mengine. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 inaweka kifungo kisichopungua miaka kumi kwa kitendo cha aibu kwa mtoto. Ukijua jambo la namna hiyo na ukalinyamazia kwa jina la kufunika, wewe si Shemu. Umemvua mtoto ili umvike mkubwa. Usije ofisini kwangu kuomba barua. Njoo tukaripoti pamoja.

Kwa hivyo uliza kwanza: nani aliumizwa? Vazi lianze kwa huyo.

Mtetezi wetu

Zekaria 3 inatuonyesha mahakama nyingine. Yoshua kuhani mkuu amesimama, na mshitaki yuko mkono wake wa kuume. Mavazi ya Yoshua ni machafu. Hakuna aliyedai kwamba ni safi. Lakini Bwana anamkemea mshitaki, anaamuru yale machafu yavuliwe, na Yoshua anavikwa mapya. Angalia mpangilio: machafu yanavuliwa, kisha mapya yanavaliwa. Mungu hafuniki uchafu juu kwa juu.

Ndugu yangu, dada yangu, wewe pia una video yako. Labda haikurekodiwa, lakini mbinguni inajulikana. Na 1 Yohana 2:1 inakwambia uko na Mtetezi mbele za Baba, Yesu Kristo mwenye haki. Aliyechukua deni lako katika hesabu yake hawezi kukuruhusu usimame mkono wa kuume wa mwenzako ukimshitaki.

Fungua Waebrania 11:7. Nuhu yumo katika orodha ya watu wa imani. Safina imetajwa. Utii umetajwa. Mizabibu haikutajwa. Hicho ndicho cheti cha tabia njema ambacho Mungu humwandikia mtu aliyeamka.

Wiki hii: futa ulichonacho kwenye simu kinachomvua mtu. Mpigie yule mliyemcheka. Na kama ni wewe uliyeanguka, usijifiche nyumbani. Njoo, kuna kiti.

Tuombe. Baba, asante kwa damu ya Yesu inayotuosha. Tupe mabega. Tufundishe kuingia kinyumenyume pale macho yetu yanapotaka kutazama. Mkumbuke yule mama wa mboga na biashara yake. Mkumbuke kijana wetu na kazi anayoingojea. Katika jina la Yesu, amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni ukweli gani umewahi kuupeleka nje ya hema? Ulimsaidia nani?
2. Kama mzee wa kanisa, ungetia sahihi ile barua? Ungetaka iseme nini, na isiseme nini?
3. Katika mtaa wetu, nani anapoteza mtaji kwa sababu ya makosa tunayoyaita madogo? Tunaweza kumfanyia nini wiki hii?